Chewa Aliyeung'ata Mwezi wa Ngamiani

Harufu ya siki hunirudisha Ngamiani mpaka leo. Wengine siki huwakumbusha achari. Mimi hunikumbusha chumba cha uani ambamo shangazi yangu Mwanahamisi alisafishia picha, dirisha limezibwa kwa gunia, taa ina kioo chekundu, na karatasi nyeupe inaelea katika bakuli la dawa hadi uso wa mtu unaanza kuchomoza humo. Ilikuwa miaka ya hamsini, nami nina miaka tisa. Shangazi alikuwa mjane aliyekaa kwetu. Kamera aliachiwa na mumewe, na kazi hakuikosa, maana maharusi wengi mtaani kwetu hawakukubali kupigwa picha na mwanamume. Yeye aliingia hadi ndani walikoketi na hina zao mbichi, akawapiga, na picha akazileta zimefichwa ndani ya bahasha. Mtaa mzima ulimheshimu, na mtaa mzima ulimwona ana wazimu kidogo.

Wazimu wenyewe ulikuwa wa mambo ya juu. Gazeti lilipotangaza kwamba mwezi ungepatwa, alifurahi kama mwari aliyeposwa. Kwetu, mwezi ukipatwa, husemwa umemezwa na chewa, samaki mkubwa mwenye kinywa kipana, na dawa yake ni kelele. Wanaume huenda msikitini kusali. Wanawake na watoto hupiga madebe na kutwanga vinu vitupu mpaka chewa atishike, autapike. Shangazi akawaambia wanawake waliokuja kusuka ukili uani kwetu kwamba hakuna cha chewa wala papa, ni kivuli cha dunia hii tunayoikalia, na kwamba angeupiga mwezi mara nyingi juu ya picha moja ili kila mwenye macho akione kivuli kikipita polepole. Bi Mize, jirani yetu, kiongozi wa vigelegele vyote vya mtaa, alicheka hadi ukili ukamwanguka.

"Haya, Mwanahamisi, tuonyeshe. Lakini ukishindwa, mwezi ukipatwa tena mchi utaushika na wewe."

"Nikishindwa nitaushika, na wimbo wa chewa nitauimba," shangazi akajibu. Ahadi ni deni, na ile ilisikiwa na ua mzima.

Katika filamu yake ilibaki nafasi ya picha moja tu. Jioni ile, baba alipokwenda msikitini, shangazi alikipindua kinu chetu kikubwa katikati ya ua, akaifunga kamera juu yake kwa kamba, akaipachikia vitambaa hadi ikatazama juu. Kila baada ya dakika kumi, kwa saa ya mezani, alikifunua kifuniko cha lenzi kidogo tu, akakirudisha. "Mwanangu," akaniambia, "kinu hiki leo kisiguswe hata na kuku. Kikitikisika, kazi yote imekwisha." Nilikuwa sijawahi kuaminiwa hivyo! Nilikizunguka kinu kama askari, shingo inaniuma kwa kutazama juu. Mwezi ulikuwa mzima, mweupe, safi. Mara ukingo wake ukaingia doa. "Umeanza, shangazi! Umeanza!" Tulishikana mikono tukaruka, kisha tukakumbuka kinu, tukaenda kurukia jikoni.

Mtaa nao ukaamka. Madebe yakalia, vinu vikaitika, na sauti ya Bi Mize ikapaa juu ya zote: "Chewa, tuachie mwezi wetu!" Nilicheka, nikijua sasa kwamba ni kivuli. Lakini mwezi ulizidi kuliwa, ukabaki kipande, kisha ukawa mwekundu kama kaa la moto. Ujuzi wangu wote ukanitoka. Kila nyumba ilikuwa ikitwanga isipokuwa yetu, na nikaamini kabisa kwamba mwezi hautarudi kwa sababu ya ukimya wa kinu chetu. Shangazi alikuwa ameinamia saa. Nikauchukua mchi, nikakipiga kinu ubavuni, kwa nguvu zangu zote, mara moja. Alinidaka mkono kabla ya pigo la pili. Hakunigombeza. Alinikumbatia kwa mkono mmoja, huku mkono wake wa pili ukifunua lenzi kwa wakati wake, na mwezi, alhamdulillahi, ukarudi.

Kesho yake wanawake walijaa uani. Picha ilikuwa ya ajabu: safu ya miezi ikipanda angani, mzima, uliomegwa, kipande, na katikati kabisa safu ikakatika, ikaruka kando, ndipo ikaendelea kupanda. Bi Mize aliitazama, akapiga yowe la furaha. "Mnaona! Hapa ndipo alipouvuta! Chewa kaung'ata, kaunyakua huyo!" Vigelegele vikapasua ua. Mimi nilisimama mlangoni nikingoja jina langu litajwe, na nilijua viboko vya baba. Shangazi aliniangalia kitambo. Kisha akasema, "Basi, Bi Mize. Umenishinda." Mwezi ulipopatwa tena alishika mchi mbele ya wote, akaimba, na walimcheka hadi machozi.

Nilipokuwa mtu mzima nilimwomba radhi. Akasema alishasahau, uongo mtupu, kisha akaongeza, "Wewe ulitaka mwezi urudi. Mimi nilitaka picha yake tu." Juzi mjukuu wangu aliupiga mwezi uliopatwa kwa simu, picha chungu nzima, na zilizotikisika akazifuta bila kuzitazama mara mbili. Nilifurahi naye, tukaruka wote wawili, magoti yangu yakilalamika. Lakini shangazi alikuwa na moja tu, na kwa hiyo moja alikubali kuchekwa na mtaa mzima maisha yake yote. Yeye na Bi Mize wote wametangulia mbele ya haki. Kwa wajukuu wa wanawake wale, ambao bado wanaisimulia picha ile huko Ngamiani kama ushahidi wa chewa, naandika nilichoshindwa kusema pale mlangoni: ni mimi niliyekipiga kinu, na shangazi yangu alisema kweli.