Ulimi wa Kupimia Chumvi

Kazi yangu ni kupima maji na udongo pale mikoko inapokutana na majaruba ya mpunga. Kila nikichomoa bomba la kuchukulia udongo, tope hutoka na ile harufu ya yai viza, na hapo huwa niko tena mtoto, nyuma ya mama, karibu na mdomo wa mto Ruvuma, tope likinifika magotini.

Siku moja, kabla hatujapandikiza, alichota tope kwa kidole akanipa nilambe. Ulimi wake, alisema, ulishazoea, haumwambii kitu tena.

"Chumvi, mama."

"Kiasi gani?"

"Kama mboga ya jana."

Alisimama kidogo, mkono kiunoni, akilitazama jaruba alilolilima peke yake.

"Kama ni ya mboga, tunapanda," akasema, akainama. Nami nikainama. Mpunga ule ulishika, ukageuka njano, ukafa umesimama.

Leo mwanamke mmoja, beseni la miche kichwani, alisimama kunisubiri nilipotumbukiza kifaa majini.

"Mashine inasemaje, mwanangu?"

"Chumvi, mama."

"Nyingi?"

Kifaa kilionyesha nyingi, tena kuliko mwezi uliopita. Lakini nimechoka kuwasomea watu namba. Nikachota tope kwa kidole nikalamba, nimpe jibu la jikoni, kama nilivyompa mama.

Nikasubiri ulimini. Sikusikia chumvi hata kidogo.