Niliwaambia Ogania Haiui

"Kunywa," nilimwambia, na kikombe kilikuwa kimeshafika kidevuni kwake.

Naanza hapo maana hapo ndipo uvumilivu wangu ulipokatika, dukani kwa muuzaji wa dawa za wadudu, mtaa wa Ng'ambo, Tabora mjini, saa nne asubuhi, mbele ya wateja wasiopungua kumi, kitenge kimenifunguka kimeanguka chini nimebaki na sketi ya ndani na wala sina habari, mkono mmoja umeshika kikombe cha plastiki na mwingine umeshika kola ya shati la mwanaume wa watu. Mwanangu alikuwa ametoka wodini jana yake. Nilikwenda kumuuliza tu, kwa adabu, alituuzia nini, naye akanijibu huku anapanga chupa zake kwenye rafu, "Dada yangu, ogania haiwezi kumdhuru mtoto. Labda hamkuosha mboga." Nikaichukua chupa moja pale pale, nikamimina, nikamsogezea.

"Mama, tusifike huko," akasema, na midomo ameibana.

"Si haidhuru? Kunywa!"

"Mpe na andazi la kushushia," akasema mteja mmoja, watu wakacheka. Bibi mmoja akaniokotea kitenge, akanifunga mwenyewe kama mtoto, akaninong'oneza, "Utafungwa, binti yangu." Yule bwana hakunywa. Wala hakusema kwa nini hanywi.

Naona aibu, sikatai, lakini aibu ya sketi si kitu. Aibu yenyewe ilianzia kijijini kwetu Goweko wiki mbili kabla, na niliianzisha kwa mdomo wangu.

Sisi tunalima tumbaku, na pembeni ya vitalu vya miche wanawake tunapanda mchicha na chainizi, maana maji ya kumwagilia yako hapo hapo na hakuna mwenye mgongo wa kubeba ndoo mara mbili. Mwaka huu viwavi wakatushinda, wanakula jani mpaka unabaki mshipa. Ndipo akaja yule muuzaji na pikipiki, kreti la chupa nyuma, shati limepigwa pasi, akatukusanya. "Akina mama, hii haina kemikali. Hii ni ogania." Tukatazamana. Akauliza, "Nani hapa amefika kidato cha nne awasomee wenzake?"

Macho yote yakanigeukia.

Ningesema sijui. Neno moja tu, sijui, na leo nisingekuwa naandika haya. Lakini nilikuwa na D yangu ya Kemia (D ambayo nimeitetea miaka yote kama mtu anavyotetea mume mbovu) na tangu niolewe hakuna aliyewahi kuniuliza kitu chochote nilichosoma, ni chumvi imeisha, mtoto analia, kuni ziko wapi. Nikasimama, nikajipangusa vumbi, nikaishika chupa, nikafundisha. Nikasema vitu duniani viko makundi mawili, vya ogania vinatoka kwenye viumbe hai, kama sukari na mafuta ya alizeti, na visivyo ogania vinatoka kwenye mawe na udongo, kama chokaa, chumvi na mrututu. Mpaka hapo mwalimu wangu angenisikitikia tu. Lakini wenzangu walikuwa wanatikisa vichwa, nikanogewa, nikaongeza la kwangu: "Kwa hiyo cha ogania mwili unakifahamu, unakisaga kama ugali. Kinachoua ni cha mawe."

Muuzaji ndiye aliyetangulia kupiga makofi. "Mwalimu huyo!"

Mama mkwe wangu, tunamwita Mayu, alikuwa amekaa chini anachambua kunde. Hakuinua kichwa. "Mwanangu, dawa inayomuua kiwavi itajuaje kwamba wewe si kiwavi?"

"Mayu, haya ni mambo ya maabara," nikamjibu, mbele za watu. (Maabara! Maabara ya shule yetu ilikuwa kabati moja, na ndani ya kabati waliishi popo.)

Na jingine niliseme kabisa. Lebo ya ile chupa ilikuwa imebandikwa juu ya lebo nyingine, na kona moja ilikuwa imebanduka, kwa chini naona rangi nyekundu. Niliiona. Nikaibandika vizuri kwa dole gumba, maana walikuwa bado wananipigia makofi.

Tukapulizia Ijumaa. Alisema hata siku hiyo hiyo unachuma, sisi tukajiona waangalifu kwa kungoja siku mbili. Jumapili ilikuwa sikukuu ya mavuno kanisani kwetu Moraviani, kuna kwaya ya wageni, kila mama kaleta chungu chake, mimi nikaleta sufuria kubwa ya mchicha wa karanga. Mama mmoja wa kwaya akainusa, akasita, akauliza mboga za wakati huu mnazipulizia nini. Ningemwacha apite akale maharage ya wengine. Badala yake nikapaza sauti, "Kuleni bila wasiwasi, mboga hii haina kemikali, ni ogania!" Na ili waamini nikamvuta mwanangu Milembe, ana miaka miwili na nusu, nikampakata mbele yao wote, nikamlisha yeye kwanza. Tonge, mboga. Tonge, mboga. Nikasema, "Oneni, si namlisha mwanangu?"

Wakala. Mayu naye akala, nadhani ili asinitie aibu mbele ya wageni.

Kwaya ilikuwa imesimama kuimba mtu wa kwanza alipotapika, ni yule yule aliyeuliza. Halafu wa pili. Halafu Mayu akainama akijishika tumbo, jasho linamtiririka kama ametoka kulima. Na mimi (hili ndilo linaloniamsha usiku) nikawa napiga kelele, "Ni karanga! Karanga zilikuwa zimeoza!" Watu wanagaagaa, mimi natetea dawa. Nilinyamaza nilipomtazama Milembe mapajani kwangu, mate yanamtoka bila kukoma, misuli ya mashavu inachezacheza, mboni za macho zimesinyaa zimekuwa kama ncha ya sindano. Nilimwita. Hakunigeukia.

Walitupakia kwenye pikapu ya mchungaji mpaka hospitali Tabora mjini. Tabibu aliyetupokea alikuwa dada wa umri wangu. Akauliza mmepulizia nini, nikasema kwa sauti ndogo, "Ya ogania." Mikono yake haikusimama, anatafuta mshipa kwenye kamkono ka mwanangu, na anasema nami:

"Mafuta ya taa ni ogania. Spiriti ni ogania. Sumu iliyomo kwenye jani la tumbaku, hiyo mnayoilima, ni ogania. Chumvi si ogania, na dripu ninayomtundikia mwanao ni maji na chumvi. Sasa niambie kipi kinaua."

Akaibandika sindano kwa plasta.

"Ogania maana yake ina kaboni, mama. Haina maana kwamba ina huruma."

Na mimi ni mtoto wa Goweko! Hakuna mtoto wa kwetu ambaye hajawahi kuchuma tumbaku yenye umande akarudi nyumbani anatapika, kichwa kinazunguka, akalazwa kivulini. Jani hilo halikutoka kwenye jiwe. Mikono yetu ilijua siku zote, D yangu ndiyo iliyokuwa haijui.

Tulikaa wodini siku nne. Siku ya pili niliagiza niletewe ile chupa kutoka nyumbani, nikailowesha lebo kwa maji ya kunawia, nikaibandua polepole. Chini yake fuvu na mifupa, na maandishi: dawa ya tumbaku, isitumike kwenye mboga. Kwa hiyo kwenye neno ogania yule bwana hakudanganya, na hilo ndilo linalonipandisha hasira mpaka leo, alichukua neno la kweli akafunikia fuvu, na mimi nikamshikia kona.

Hakufa mtu. Watu huniambia nishukuru, nami nashukuru, lakini Milembe akishika kijiko mkono bado unamtetemeka, wanasema utaacha, kila asubuhi nampa kijiko ili niutazame. Kisimani wananiita Mwalimu. "Mwalimu, maji haya ni ogania?" Nacheka nao, nifanye nini. Na Mayu hali chakula changu. Hagombi, hanuni, anapima unga wake kwenye kikombe, anajipikia kwenye mafiga yake nyuma ya nyumba, na nikimkaribisha anasema, "Nimeshiba, mwanangu." Afadhali angenitukana.

Nimeapa: nikiulizwa nisichokijua nitasema sijui, hata kama kijiji kizima kimesimama kunisikiliza.

Basi siku ile nilipotoka pale dukani, nilimpitia Milembe nilikokuwa nimemwacha, nikapanda gari moja kwa moja mpaka Isikizya, ofisi za halmashauri, Milembe mgongoni, chupa kwenye mkoba. Afisa kilimo alinipa karatasi na meza ya kuandikia. Nilipomaliza akasoma yote, akarudi kwenye aya ya mwisho, akaigonga kwa kalamu.

"Mama Milembe, hii ifute. Ukiiacha, yule bwana atang'ang'ania hapo hapo."

"Mzee wangu, ni ya kweli au si ya kweli?"

"Ni ya kweli, lakini..."

"Basi naomba muhuri."

Akanitazama, akamtazama mtoto, akagonga. Nakala ninayo, nainakili kama ilivyo:

YAH: MALALAMIKO KUHUSU DAWA YA WADUDU ILIYOBANDIKWA LEBO YA UONGO

Mimi ni mkulima wa Goweko na ni mama wa mtoto mmoja. Nalalamika kwamba tuliuziwa sumu ya tumbaku kama dawa ya mboga, lebo yake ya hatari ikiwa imefunikwa, na watu wakalazwa, akiwemo mwanangu na mama mkwe wangu. Naambatanisha chupa na lebo zote mbili. Naomba chupa zilizobaki ziondolewe dukani na mashambani kabla ya mwingine hajachuma mboga.

Walalamikiwa ni wawili. Wa kwanza ni muuzaji. Wa pili ni mimi mwenyewe, niliyesimama mbele ya wanawake wenzangu nikawahakikishia nisichokijua, nikaiona kona ya lebo nikaifunika. Naomba tuitwe wote wawili kwenye mkutano wa kijiji, kila mtu aeleze alichofanya, na mama mkwe wangu awepo asikie.