Ukingo wa Msitu Kwenye Ukuta wa Westlands

Chuoni kila mtu aliniambia kwamba dunia ikipata joto, miti hupanda mlima. Rahisi hivyo? Nilitaka kuona. Msimamizi wangu naye alikuwa ameniwekea sharti: bila picha ya zamani ya kulinganisha na ya leo, tasnifu yangu haiendi popote.

Picha niliipata Westlands, kwa mjane wa Kihindi ambaye marehemu mumewe alipenda milima. Kila sikukuu ya Diwali familia yake hutandaza shuka ukutani na kutazama slaidi zake. Katika moja, mume amesimama na nyuma yake msitu unakomea ubavuni mwa mlima. Jina la bonde ameliandika kwenye fremu. Nilipanda milima ya Nyandarua hadi bonde hilo, nikapiga picha kila upande, nikarudi nyumbani Kinoo na homa. Hakuna mgongo wa mlima uliofanana na ule wa slaidi hata mmoja.

Nikamrudia mjane. Akawasha projekta, nami nikaikodolea macho shuka kwa hasira.

"Anti, mbona vifungo vya shati lake viko upande wa kike?"

Akasogea karibu, akaangua kicheko. "Beta, mtoto yangu, bwana yangu hakuwahi kuvaa blauzi!"

Nikachomoa slaidi, nikaigeuza, nikairudisha.

"Wacha mchezo!" akafoka. "Hiyo si mlima yetu!"

Kumbe miaka yote hiyo familia iliutazama mlima ukiwa umegeuzwa, kushoto kuwa kulia. Nikafungua kompyuta na kuiweka kando ya shuka. Jabali kwa jabali, mstari kwa mstari, mgongo ule ule! Kushoto, miti ya leo imelipita jabali kubwa na kupanda juu zaidi. Kulia, ambako niliona visiki vyeusi vya moto, imerudi chini kabisa, na nyasi zimechukua nafasi yake.

Nilipiga kelele. Anti naye akapiga, sijui kwa nini.

Nikampigia msimamizi simu papo hapo. "Picha nimepata, Prof!"

"Haya. Miti imepanda au imeshuka?"

"Yote mawili! Mlima mmoja! Kushoto imepanda, kulia kwenye visiki vya moto imeshuka!"

"Una uhakika ni joto upande mmoja na moto upande wa pili?"

"Hapana," nikasema, tayari nikitafuta viatu vyangu mlangoni. "Ndiyo maana narudi huko Jumamosi."

"Basi andika sura hiyo," akasema. "Na mashaka yako yote uyaweke ndani."