Mwito wa Kwanza

Walipomchagua Arlette awe msikilizaji wa wanafunzi wa uzamili, wenzake walicheka mpaka wakashika mbavu. Msichana huyo alivuka uwanja kama anayeiomba radhi ardhi anayoikanyaga, na darasani alijibu kwa sauti ambayo profesa alilazimika kuiinamia. Lakini alikuwa amesomea saikolojia, na chuo kilitaka katika homu, bweni la wasichana, pale mjini Baraka kando ya ziwa, awepo mtu ambaye mwenye shida angeweza kumwendea.

"Hatatoa siri ya mutu," alisema Samira wa chumba cha mwisho. "Hata yake mwenyewe hajaitoa."

Wakambatiza jina: Dada Sikio.

Kazi ilimkaa vizuri. Wasichana waliokuwa wakiandika tasnifu walirudi kutoka tereni, vijijini walikofanya utafiti, wengine hata kutoka milima ya Minembwe, wakiwa wamebeba vilio vya vijiji vizima, kisha wakatakiwa kuvigeuza kuwa majedwali. Waliketi kwenye mkeka wake, akawamiminia chai, akanyamaza. Kunyamaza alikujua kuliko wote.

Kuna jambo moja ambalo chuo hakikumuuliza. Arlette alilelewa na nyanya yake kule Fizi, na kabla hajajua kusoma alifundishwa hili: jua likizama, ukisikia jina lako linaitwa, usiitike mara ya kwanza. Ya pili pia, iache ipite. Aliye hai ataita mara tatu, kwa sababu anakuhitaji. Aliyekufa huita mara moja tu, hana pumzi ya kurudia, na ukimwitikia umemkubalia. Baba yake mdogo aliitika jioni moja akifunga mbuzi, na mahindi ya mwaka ule hakuyaona yakivunwa. Arlette aliweza kueleza kwa Kifaransa kizuri kwamba hiyo ni imani tu. Kisha magharibi ikiingia, alifunga mdomo kama kila mtu wa kwao.

Jirani yake wa ukutani alikuwa Ketsia, mtoto wa kijiji cha Lubondja, aliyekuwa akiandika juu ya maisha ya wake za wavuvi. Alivuka maji kwenda rasi ya Ubwari kwa utafiti pamoja na Henri wa darasa lao. Wakati wa kurudi, dhoruba ilipindua boti. Ketsia alivutwa na watu, lakini Henri alibaki ziwani na hata mwili wake haukupatikana. Chuo kikafanya misa, kikatoa pole, kikamwongezea Ketsia muda wa kuandika. Hakuna aliyemuuliza kama anataka muda.

"Ita tu," Arlette alimwambia. "Ukuta ni mwembamba. Hata kugonga usigonge."

"Hata kama ni jambo la bure, dada?"

"Hata la bure."

Jioni moja mvua ikitishia, adhana ikiwa imekwisha kunyamaza, Arlette alikuwa akichagua mchele. Akasikia kutoka ng'ambo ya ukuta:

"Arlette."

Sauti ndogo, kama ya mtu aliyelala kifudifudi. Vidole vyake vikasimama ndani ya mchele. Alijua ni Ketsia. Alijua pia, kwa namna wanavyojua watu wa kwao, kwamba sauti inaweza kuazimwa na aliyekufa. Ita tena, aliomba moyoni. Ita tena, ndugu yangu. Badala yake mlango wa jirani ukalia, nyayo zikapita barazani, zikapotea.

Alibaki ameketi, ungo magotini. Kilichomwinua hakikuwa ujasiri. Ni wazo lililomjia taratibu, baridi kama maji ya kisima: Ketsia naye alifundishwa yaleyale kule Lubondja. Anajua kwamba aliye hai huita mara tatu. Sasa mtu anayejua hivyo, akiita mara moja tu, anajihesabu upande gani?

Mchele ukamwagika wote.

Langoni alimkuta mlinzi, Papa Assani, akitengeneza taa yake.

"Papa, Ketsia amepita wapi?"

"Njia ya ziwa. Nimemusalimia, hakunijibu. Nikasema, hawa batoto ba masomo ya master banajidai sana."

"Kuya na mi, Papa, twende!"

"Na lango nitaachia nani?"

"Liache!"

Papa Assani hakuwahi kumsikia akipaza sauti. Akaliacha.

Ketsia alikuwa amesimama ndani ya ziwa, maji yamempita magoti, kitenge kikielea nyuma yake, uso ameuelekeza Ubwari.

"Ketsia!"

Hakugeuka. Akapiga hatua moja mbele.

"Ketsia!"

Akina mama waliokuwa wakianua ndagala, dagaa wao, kwenye mchanga wakainua vichwa. Arlette akaogopa kwamba mwito wa tatu hautatoka, kwamba utafia mdomoni na msichana yule ataondoka kwa sababu yake. Akaingia majini na viatu vyake.

"Ketsia, we!"

Ketsia akageuka.

"Umeita mara tatu," alisema, meno yakigongana.

"Mara tatu."

"Ndiyo kusema uko muzima."

"Niko muzima. Na we vilevile. Toka ndani ya mayi."

"Henri ananiita, dada. Kila magaribi, mara moja tu. Bado sijamuitika. Leo nikasema: nitaita Arlette mara moja kama yeye. Asipoitika, basi na mi niko kule kwenye Henri iko."

"Nilikusikia," Arlette alisema. "Niliogopa."

Papa Assani alivua koti lake, akamfunika Ketsia.

Usiku ule Ketsia alilala chumbani kwa Arlette, na kesho yake wakaenda pamoja hospitali, kwa muuguzi anayetibu huzuni za namna hiyo. Katika mkutano wa chuo, Arlette alisimama, akaomba kwamba mtu yeyote anayetoka tereni asirudi tena kwenye chumba kitupu bila mtu wa kumpokea. Walikubali. Kisha barazani akawaambia wasichana la pili, ambalo halikuwa la chuo.

"Muniite mara moja tu. Nitaitika."

"Hata magaribi?" Samira aliuliza.

"Hata magaribi."

Hakuna aliyecheka. Wote walijua alichokiweka rehani.

Nyanya yake aliposikia, alipiga simu kutoka Fizi. "Mutoto, utaitika bazima. Na bale bengine, utabatofautisha je?"

Siku nyingi baadaye, yeye na Ketsia walikuwa wakichambua majani ya sombe kwenye mkeka, giza likianza kuingia. Kutoka ng'ambo ya ukuta, katika chumba kilichokuwa kitupu tangu Ketsia ahamie kwa Arlette, sauti ikasema:

"Arlette."

Ketsia akamshika mkono kwa nguvu. Si yeye aliyeita. "Usiitike, dada. Tungoje ya pili."

Arlette alitazama ukuta. Aliogopa kama alivyoogopa siku ile, hofu haikupungua hata kidogo. Lakini aliikumbuka ile nafasi kati ya mwito wa kwanza na wa pili, na mtu mmoja anavyoweza kuondoka ndani yake.

"Niko," aliitika.

Akaenda kufungua mlango. Barazani hapakuwa na mtu. Akauacha wazi, akarudi kuketi, akasogea kidogo kwenye mkeka, kama afanyavyo mwenyeji anapompisha mgeni aketi.