Likizo ya Vidole vya Mama

Mashine ya kusoma alama za vidole ilimkataa mama yangu mbele ya gulio zima. Wakala wa kusajili laini za simu alikuwa amesimika mwavuli wake karibu na wauza dagaa, kwetu huku upande wa Kabungu. Mama akaweka kidole gumba, mashine ikalia. Akaweka cha shahada, ikalia. Tukamaliza mkono wa kulia, tukahamia wa kushoto, na wauza dagaa wakaacha kuuza ili watazame vizuri.

"Mama, vidole vyako havina mistari," wakala alisema. "Vimeisha."

"Vimeishia wapi, na mimi ninavyo hapa?"

Viliishia kwenye jembe, kwenye majani ya tumbaku, na zaidi kwenye sufuria. Mama husugua sufuria kwa majivu na mchanga mpaka zing'ae hata upande unaokaa motoni. Kwake sufuria nyeusi ni aibu ya mwanamke, na hajawahi kuwa na nafasi ya kuaibika. Siku alipochukuliwa alama za kitambulisho cha taifa alikuwa ametoka kuugua, amelala majuma mengi, vidole laini kama vya karani. Sasa alikuwa mzima, na uzima ndio uliomponza.

Jambo hilo lilimuuma. Wazazi wake walikuja wakikimbia kutoka Burundi, yeye akasubiri uraia muda mrefu, akaupata. Lakini laini yake ya simu ilikuwa imesajiliwa kwa jina langu.

"Nimeshakuwa Mtanzania," aliniambia tukirudi nyumbani. "Sitaki tena kutembea na jina la mtoto niliyemzaa mwenyewe."

Nilimwonea huruma, kisha nikapata hasira, ile hasira ya mtu anayeuza vifaa vya simu Mpanda mjini na kujiona mtaalamu. Wakala alikuwa ameshauri vidole vipumzishwe mpaka gulio la mwezi ujao: asishike jembe wala sufuria, apake mafuta. Nilitangaza likizo hiyo kwa sauti kubwa. Kwa kuwa namjua mama, nikamletea pia saa janja kutoka dukani kwangu. Ilihesabu hatua, ikapima mapigo ya moyo na usingizi, ikanitumia kila kitu kwenye simu. Ilikuwa na laini yake humo ndani, imesajiliwa bila matatizo. Mama yangu hakuwa na ya jina lake.

Nilirudi mjini nikawa nachungulia simu kutwa. Matokeo yalikuwa mazuri kupita kiasi. Hatua chache, moyo umetulia, na baada ya chakula cha mchana usingizi mzito. Niliwaonyesha wateja. "Mama yangu huyo," niliwaambia, "anapumzika kama waziri mstaafu."

Alasiri moja nilimpigia. Saa ilikuwa inasema amelala. Mama akapokea anahema.

"Mama, uko wapi?"

"Nimelala."

"Mbona unahema?"

"Nimelala vibaya."

Nilifunga duka, nikachukua bodaboda mpaka nyumbani, vumbi likaniingia mpaka kwenye meno. Baba alikuwa kibarazani kwenye kiti chake, pale ambapo mtandao wetu hukamata vizuri zaidi, redio magotini, saa mkononi. Wala hakuificha.

"Mama yako alisema hiki kitu kinataka mtu wa kutulia," alinieleza. "Nikaona hiyo kazi naiweza."

Nilifoka. Nilisema habari za teknolojia, za udanganyifu, za nauli yangu. Mama akatokea kwenye mihogo na jembe begani, akanisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Haya, nimekuelewa," alisema. "Sasa nyie niambieni, sufuria atasugua nani?"

Redio iliendelea peke yake. Mimi nilimtazama baba, mama akamtazama baba, baba akaitazama redio. Kisha akaizima, akauliza majivu yanawekwa wapi. Sijawahi kumpenda baba yangu kama dakika ile.

Mwanzoni alisugua nyuma ya nyumba, wazee wenzake wa kanisa wasimwone. Baadaye akahamia mbele, akidai kuna mwanga. Asubuhi alilima, jioni alisugua. Saa ilirudi kwa mama, naye akakalia kile kiti na kuongoza: "Upande wa chini bado, mzee." Kule mjini niliona mapigo ya moyo wake yakitulia kutwa nzima, halafu yakipanda kila jioni wakati wa vyombo. Kukaa kulikuwa kunamchosha kuliko kulima.

Siku ya gulio nilisimama nyuma yao nikiwa na hofu kama mtahiniwa. Mama akaweka kidole gumba. Mashine ikakaa kimya, ikafikiri, ikakubali. Wakala akasoma jina lake lote kwa sauti.

"Hebu rudia," mama alisema.

Akarudia. Nililia, na wauza dagaa wakaniona, na sikujali.

Baba alifurahi mpaka akajisahau. "Na mimi niongeze laini ya pili hapo," alisema, akaweka kidole chake. Mashine ikalia. Akaweka kingine, ikalia. Tukazunguka mikono yote miwili.

"Mzee," wakala alisema kwa upole, "na vyako vimeisha."

Hakuna aliyecheka, hata mimi niliyetaka. Mama aliushika mkono wa baba, akaugeuza, akapitisha kidole chake kipya juu ya vile vilivyosagika. Kisha akavua saa, akamfunga mkononi.

"Twende nyumbani ukakae," alimwambia. "Safari hii kukaa ni haki yako."