Zamu ya Kumzuia Mtoto Asilale

Mimi shule niliacha darasa la sita, au shule iliniacha, mpaka leo hatujaelewana. Lakini kuchekesha watu sikufunzwa na mtu. Ndio maana mwethya wa kwetu Mwala, lile kundi la majirani la kufanya kazi pamoja, walikuwa wananiweka katikati ya laini. Tulikuwa tunajenga upya ukuta wa kushika mchanga kwa mto, ule wa kwanza ulibebwa na mvua ya El Niño. Mawe yanapita mkono kwa mkono, na mimi napitisha mawe na mdomo pamoja.

Ilikuwa Jumamosi, watoto hawako shule. Msichana wangu, miaka tisa, alikuwa anapelekea watu maji ya kunywa. Mimi nikaanza kuiga vile chifu anatembea akisikia harufu ya nyama. Watu wakacheka. Yeye naye akageuka kuniangalia, akicheka, akakanyaga jiwe iliyolegea na akaangukia kichwa. Kicheko kilikatika hapo hapo kama redio imeishiwa na betri.

Alizimia kidogo, akaamka, akatapika, akaniuliza mara tatu kama leo ni Jumamosi. Tukampeleka Machakos mjini na pikapu ya jirani. Daktari akampiga picha ya kichwa, akammulika macho na tochi, akasema mfupa haujavunjika.

"Leo msimwache alale sana," akaniambia. "Mkimwamsha akatae kuamka, mlete mbio. Kama si hivyo, nitamwona baada ya wiki tatu."

Sasa hapo ndio akili yangu ya darasa la sita iliingia kazini. Kama Jumamosi kulala ni hatari, Jumapili je? Jumanne? Hakuna mtu aliniambia ni siku gani usingizi unaacha kuwa mbaya. Na mtoto mwenyewe alikuwa anasinzia kila saa, hata akiwa na kijiko ya uji kwa mdomo.

Nikaenda kwa chairlady wa mwethya. Huyo mama ukimpa shida anaigawa kama matuta ya kuchimba.

"Baba ya msichana, usijali," akasema. "Hiyo ni kazi ya zamu."

Na kweli, asubuhi walikuja wamama wawili, saa sita wengine wawili, jioni mimi. Usiku tulimwacha alale. Ukiniuliza kwa nini usingizi wa usiku haukuwa na hatari, sina jibu. Mwethya haifanyi kazi usiku.

Wale wamama walifanya kazi, Mungu anajua. Waliimba, wakapiga makofi, wakamwambia achague kunde na ahesabu. Akifunga macho, anaitwa. Akijifunika macho na leso kwa sababu ya jua, leso inatolewa. Siku moja alirusha kikombe kwa ukuta, na huyo ni mtoto ambaye alikuwa anaomba kuku msamaha akimkanyaga.

Kitu ingine ilinichanganya zaidi. Mbuzi wetu mimi niliwapatia vyeo: Chifu, Karani, Pasta, Mama Kwaya. Msichana alikuwa anawajua wote, na mama zao na nyanya zao. Sasa namuuliza, "Chifu ni yupi?" Anaangalia mbuzi kama wageni kutoka ng'ambo. "Sijui, baba. Kichwa."

Kidonda cha kichwa kilikuwa kimepona. Watu wengine wakasema anajifanya, hataki shule. Bibi yangu, mama ya msichana, ndiye aliona mbele.

"Huyu mtoto anachoka," akaniambia. "Hata mimi ningepigiwa kelele hivyo, kichwa ingeuma."

"Kwani unataka alale asiamke?"

Akachukua sufuria akarudi jikoni. Mimi nikajiona nimeshinda.

Na zamu yangu ndio ilikuwa mbaya kuliko zote. Nilikuwa naruka kama mbuzi dume, naimba nimevaa sufuria kichwani. "Cheka kidogo, mwanangu, usingizi itatoroka." Na alikuwa anacheka, ili nifurahi. Anacheka huku machozi yanashuka. Niliona hayo machozi. Nikaongeza kuruka.

Wiki tatu zikaisha, tukarudi kwa daktari.

"Mchana analala?" akauliza.

"Hata dakika moja!" nikasema, kifua mbele. "Daktari, tumekaza. Kijiji mzima."

Akaweka kalamu chini. "Nani aliwaambia hivyo?"

"Si ni wewe?"

"Mzee, nilisema siku ile ya kwanza tu."

Nilitafuta kitu ya kuchekesha. Sikupata. Akanieleza polepole: ubongo umetikiswa, picha haiwezi kuonyesha hiyo, unataka kupumzika, kelele kidogo, mwanga kidogo. Hii maumivu na kusahau mara nyingi inaisha, lakini inaweza kuchukua wiki, inaweza kuchukua miezi.

"Miezi mingapi?"

"Siwezi kukuambia."

Hata yeye alikuwa amesoma mpaka mwisho na hajui.

Kumwambia chairlady ilikuwa kazi. "Asi!" akashika mdomo. "Tumeumiza mtoto?"

"Sijui, mama. Sasa daktari anataka tusifanye chochote."

Lakini mwethya haijui kutofanya chochote. Kesho yake nilikuta mama mmoja amekaa kwa geti na fimbo, zamu ya kunyamaza. Anafukuza kuku, anafukuza watoto, mgeni anasalimiwa na mkono tu. Bibi yangu alifunika dirisha na gunia. Msichana akalala asubuhi, akala, akalala tena. Mimi nikakaa nje ya mlango nikiwa na mdomo imefungwa, na nikagundua sijui kukaa hivyo. Ukinyamaza unasikia. Nilisikia ile siku ya mto, kila saa.

Mwezi wa pili tangu aanguke, alianza kukaa nje jioni kwa kivuli. Bado kichwa ilikuwa inamshika, bado yule mbuzi Chifu yeye alikuwa anamwita Karani. Nikaacha kumrekebisha. Mbuzi mwenyewe hakulalamika.

Siku moja akaniuliza, "Baba, ile siku nilianguka, nilikuwa nacheka nini?"

"Hukumbuki?"

"Sikumbuki. Nionyeshe."

Ningesema nimesahau. Badala yake nikamwambia akae chini kabisa, mgongo kwa ukuta, mikono yote mbili ishike mkeka. Nikahakikisha. Halafu nikatembea kama chifu kutoka jikoni mpaka kwa zizi, polepole, bila sauti hata kidogo, pua mbele.

Akacheka. Kidogo, kwa pua. Hakukuwa na machozi, niliangalia sana. Halafu akagusa kichwa.

"Inatosha, baba."

Nikasimama hapo hapo, mguu mmoja juu.