Boti ya Faiba Hailowekwi

Nilikuwa na hasira, na sioni haya kusema. Boti yangu ya faiba, ninayovushia wanunuzi wa samaki ziwani kutoka Majanji hadi Sio Port, ilikataa kupanda juu ya maji. Injini inanguruma, pua inatazama mbinguni, nyuma inajiburuta kama ng'ombe mgonjwa. Fundi alibadilisha plagi na propela, haikusaidia. Mdogo wa mume wangu akasema, "Shemeji, uza hiyo injini kabla haijafa. Ziwa si la mama mwenye mtoto mgongoni."

Mtoto alikuwa mgongoni kweli. Mimi niliwaza jambo moja tu. Kabla sijajifungua, watu wanne waliivuta boti hiyo hadi nchi kavu. Juzi wanane walishindwa. Injini mbovu haiongezi uzito.

"Shemeji, nilipokuwa kitandani na mtoto, boti uliifanya nini?"

"Niliizamisha wiki mbili ufukweni, mbao zivimbe."

"Mbao gani?"

Mitumbwi yetu ya mbao hulowekwa hivyo ili isivuje. Lakini chini ya sakafu ya faiba mna sponji, nayo ilikuwa imelinywa ziwa. Mimi mwenyewe nilitoboa sakafu, maji yakachuruzika mpaka jioni. Tukang'oa sponji yote, tukaianika boti.

Siku ya nne nilishika usukani mwenyewe. Pua ikashuka, boti ikateleza juu ya maji. Shemeji, aliyekaa mbele, akakumbatia ukingo: "Polepole, mama!"

Sikupunguza.